Nundu iko mbele, maumivu yako pembeni: kisa cha goti la mwendesha chukudu wa Goma

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwanaume wa miaka 46, mkaaji wa kaskazini mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 ameishi kwa jasho la chukudu. Alifika katika chumba cha mazoezi ya tiba ninamofanya kazi wiki ya tano baada ya kuanguka, goti lake la kulia likiwa limevimba mbele kama kiazi, naye akiwa amekwisha kupewa majina matatu ya ugonjwa wake: mahali pa kwanza aliambiwa ana rumatisme, pa pili mshipa umehama, pa tatu mifupa imesagika. Mimi nilimwongezea jina la nne, nalo halikutosha. Goti hilo lilikuwa na mambo matatu kwa wakati mmoja, na kila mmoja wetu alilishika lile lililomtokea kwanza machoni. Nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asitambulike. Yanayohusu maradhi na tiba nimeyaacha yalivyokuwa.

Kazi na anguko

Msomaji asiyewahi kufika Goma anahitaji kwanza kuijua chukudu, maana bila chombo hicho kisa chenyewe hakieleweki. Ni mfano wa baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala kiti: ubao mrefu wa kupakia, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi yaliyochakaa, na usukani uliotanuka kama pembe za ng'ombe. Inabeba mamia ya kilo za kabichi, viazi, makala (yaani makaa) au simenti. Kwenye mlima mtu huisukuma kwa miguu. Kwenye tambarare hupiga goti moja juu ya ubao na kuisukuma ardhi kwa mguu wa pili. Kwenye mteremko huipanda na kuiacha ishuke kwa uzito wake. Pale goti linapokaa hupigiliwa kipande cha kandambili, nacho huchakaa haraka kuliko ubao. Mji umeienzi chukudu hata ukaisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu penye mzunguko wa barabara, na anayepita pale akiwa na elimu ya viungo hawezi kujizuia kuyawaza magoti.

Mgonjwa wetu alipiga goti la kulia tangu ujana wake, kila siku ya kazi, na alikuwa na nundu laini mbele ya pia ya goti kwa muda wa miaka mitatu hivi bila kuilalamikia. Siku ya ajali alikuwa akitoka Kibumba na viazi. Barabara ile ya Rutshuru huteremka kuelekea Ziwa Kivu, na inapokaribia mji inapita kwenye mawe ya volkano: Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 lava nyingine ikaikata barabara hiyo hiyo kaskazini mwa mji. Gurudumu la mbele liligonga jiwe, mzigo ukalalia kushoto, naye akaruka upande huo huo. Unyayo wa mguu wa kulia ukanasa kati ya mawe mawili, na ubao wa chukudu pamoja na mzigo wake ukamgonga goti upande wa nje. Hakusikia mlio wowote ndani ya goti. Jioni ile halikuvimba sana. Kesho yake upande wa ndani ukawa na alama ya damu iliyovilia, na aliweza kutembea akichechemea.

Maelezo haya ya anguko nimeyaandika kwa urefu kwa sababu yalikuwa na nusu ya jibu ndani yake, na katika wiki tano hakuna aliyemwuliza. Goti linalogongwa upande wa nje hali mguu umenaswa chini husukumwa kuelekea ndani, na kinachovutwa ni ligamenti ya ubavu wa ndani, ule ukanda mpana unaoshuka kutoka kwenye mfupa wa paja hadi kwenye mfupa wa muundi. Nalo goti linalojaa ndani ya saa mbili tu baada ya ajali mara nyingi limejaa damu, na hapo hofu ya kwanza ni kukatika kwa ligamenti mtambuka ya mbele, moja ya zile mbili zinazopishana katikati ya goti. La kwake halikujaa hivyo. Ligamenti ya ubavu, sehemu yake kubwa, iko nje ya kifuko cha kiungo, na kwa hiyo inaweza kuchanika hali goti lenyewe likibaki halina maji mengi.

Wiki tano za kuzunguka

Alianza kwenye duka la dawa la mtaani, ambako alichomwa sindano za diklofenaki siku tano mfululizo kwa maelezo kwamba ni rumatisme iliyoamshwa na baridi. Siku ya sita familia ilimpeleka kwa mzee anayeunga mifupa, akakandwa kwa maji moto na mafuta kila asubuhi kwa siku nane, goti likikunjwa kwa nguvu hadi alipopiga kelele; na kwa kuwa nundu ya mbele ilionekana kuwa ndiyo makao ya ugonjwa, ikachanjwa chale saba kwa wembe na kupakwa unga mweusi. Wiki ya tatu alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, akapigwa radio, yaani picha ya eksirei, akaambiwa kwamba mifupa imesagika kwa uzee wa kazi, akachomwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, mara tatu na kushauriwa aiache chukudu maisha yake yote. Mtu mwenye watoto sita aliambiwa aiache kazi kwa sentensi moja, hakuna aliyemwambia ashike ipi.

Alipofika kwetu alikuwa pia akisikia moto tumboni chini ya kifua. Hilo halikunishangaza. Diklofenaki hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali zinazoleta uvimbe, lakini kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo na kuusaidia mtiririko wa damu katika figo, na hatari ya vidonda vya tumbo huzidi dawa hiyo inapoandamana na deksamethasoni au dawa nyingine za jamii yake. Kuipitishia kwenye tako badala ya mdomoni hakulikingi tumbo, kinyume na wanavyoamini wengi mjini kwetu. Madhara yake hupitia damuni. Sindano ya tako inayochomwa vibaya inaweza pia kuudhuru mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, na nimekwisha kuwapokea wagonjwa ambao mguu wao uliolegea ulitokana na tiba ya kiuno kilichokuwa kinauma kidogo tu.

Kosa langu

Asubuhi aliyofika chumba kilijaa. Nililiona goti, nikaweka vidole juu ya nundu, nikasikia maji yakitembea chini ya ngozi, mbele ya mfupa wa pia na si ndani ya kiungo, nikafurahi kuwa nimepata kile ambacho wengine walikosa. Hii, nikasema, ni bursa iliyojaa. Mwili una zaidi ya vifuko 100 vya namna hiyo, vimewekwa pale ambapo ngozi au kano husuguana na mfupa, na kila kimoja huwa na utando mwembamba wa majimaji unaolainisha msuguano. Kifuko cha mbele ya pia ya goti hujaa kwa watu wanaopiga magoti kazini: watandika vigae, wachimba madini wa mashimo mafupi, wasugua sakafu. Waingereza wa zamani waliuita ugonjwa huo goti la mjakazi. Nikamfunga bandeji, nikamkataza kupiga goti, nikampa miadi ya siku kumi.

Aliporudi, nundu ilikuwa imepungua kwa nusu, na maumivu yalikuwa pale pale. Nilianza kumsifia maendeleo yake, akanikatiza kwa upole: "Docta, haka kanundu hakaniumi. Niko nako tangu zamani. Kinaniuma ni huku ndani." Akaweka kidole gumba ubavuni mwa goti, upande wa ndani, mahali ambapo mimi sikuwa nimepagusa. Mimi si daktari, ni kine, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, lakini kwetu kila avaaye koti jeupe ni docta, na siku ile cheo hicho kilinielemea.

Nilimwomba atembee hadi nje. Kwenye ubaraza wetu kuna ngazi tatu. Kwenye sakafu tambarare alitembea vizuri. Aliposhuka ngazi ya pili, goti liliangukia ndani, akashika ukuta. Aliniambia kuwa jambo hilo humtokea kila anaposhuka, na kwamba alikwisha kulieleza mahali pote alipopita kwa neno moja, kwamba mshipa umehama.

Neno hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Katika Kiswahili cha kila siku, mshipa ni njia ya damu, ni uzi wa fahamu, ni kano inayofunga msuli kwenye mfupa, ni ligamenti inayofunga mfupa kwa mfupa, na kwa wengine ni hata ngiri. Mganga wa hospitali anapolisikia hulidharau, na muunga mifupa analisikia kama ruhusa ya kukanda hadi mshipa urudi. Mgonjwa alikuwa anaeleza jambo sahihi kabisa kwa lugha aliyo nayo: kitu kinacholishikilia goti kimelegea, na goti linatoka kwenye njia yake. Tangu siku ile, mgonjwa akiniambia mshipa, sisahihishi neno. Namwomba anionyeshe kwa kidole kimoja ulipo, kisha anieleze ni mwendo gani unaouamsha.

Kidole kimoja

Upande wa ndani wa goti, katika nafasi isiyozidi upana wa kiganja, kuna sehemu tatu ambazo maumivu yake huchanganywa. Kwenye mstari wenyewe wa kiungo, pale mfupa wa paja unapokutana na muundi, ukibonyeza ukapata uchungu, unafikiria meniski, yaani gegedu lenye umbo la mwezi mchanga linalokaa kati ya mifupa hiyo. Ukishuka vidole vitatu hivi chini ya mstari huo, kwenye uso wa muundi, unafika zinapojishikiza kano tatu za misuli ya paja, na chini yake kuna kifuko kingine kinachoweza kuvimba. Ukipanda juu, kwenye nundu ya mfupa wa paja, unafika ligamenti ya ubavu inapoanzia. Kwa mgonjwa wetu mstari wa kiungo uliuma kidogo, chini hapakuuma, na juu, penye chanzo cha ligamenti, aliruka kitandani.

Kisha nililipima goti lenyewe. Likiwa limenyooka kabisa, niliusukuma mguu kuelekea nje hali nimelishikilia goti kwa mkono wa pili. Lilikuwa imara kama la kushoto. Nikalikunja nyuzi 30 na kurudia. Safari hii lilifunguka upande wa ndani zaidi kuliko la kushoto, likauma, lakini lilikuwa na mwisho: lilifika mahali likakataa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ina maana kubwa. Goti lililonyooka hufungwa na vitu vingi kwa pamoja, zikiwemo ligamenti mtambuka, kwa hiyo likifunguka katika hali hiyo mtu ajue kuwa si ligamenti moja iliyoumia. Likifunguka kwenye nyuzi 30 peke yake, na likiwa na mwisho, ligamenti ya ubavu imechanika kwa sehemu, daraja la pili kati ya matatu. Nikavuta pia muundi mbele hali goti limekunjwa kidogo, kipimo cha Lachman, na mtambuka wa mbele ukajibu vizuri.

Paja la kulia, nilipolipima sentimita kumi juu ya pia, lilikuwa na mzunguko mdogo kwa sentimita 2.5 kuliko la kushoto. Wiki zaidi ya tano za kuuogopa mguu zilikuwa zimeula msuli wa mbele wa paja, na huo ndio unaolibeba goti mtu anaposhuka ngazi au mteremko. Goti lilikunjika hadi nyuzi 110, la kushoto likifika 135.

Vipimo hivi vyote vilichukua dakika kumi na mbili, navyo havihitaji umeme.

Nundu, chale na mabishano

Daktari wetu alipoitwa, hatukukubaliana mara moja juu ya nundu. Mimi nilitaka iachwe: imepungua, haiumi, mgonjwa hana homa. Yeye alizitazama chale. Ngozi iliyochanjwa kwa wembe juu ya kifuko kilichojaa maji ni mlango wa vijidudu, hasa stafilokoki aishiye kwenye ngozi yetu sote, ambaye ndiye anayepatikana mara nyingi bursa inapooza. Tena mgonjwa alikuwa ametoka kuchomwa deksamethasoni, dawa inayoweza kuishusha homa na wekundu hali usaha ukiendelea kutungwa chini. Nundu ilikuwa na joto kidogo kuliko ngozi ya jirani. Kwa mtu mwingine angeiacha, alisema, lakini kwa huyu kutokuwa na homa si ushahidi wa kutosha.

Akaisafisha ngozi, akaingiza sindano kutokea ubavuni, mbali na chale, akavuta mililita 14 za maji ya manjano yanayopenyeza mwanga. Maabara hawakuona usaha wala vijidudu, na walipoyapandikiza siku kadhaa hakuna kilichoota. Sasa naona kwamba alikuwa na haki, ingawa jibu lilikuwa tupu. Kama yangekuwa na usaha na sisi tumefunga bandeji na kuagana, kisa hiki kingekuwa na mwisho mwingine. Hakuchoma dawa yoyote ndani ya kifuko.

Kabla ya hapo alikuwa amehakikisha jambo kubwa zaidi, kwamba kiungo chenyewe hakina maambukizo. Bursa iliyovimba hujaa mbele ya pia tu, na goti hunyooka hadi mwisho bila uchungu. Kiungo chenye usaha hujaa pande zote na hadi juu ya pia, na mgonjwa hakubali mguu uguswe wala kwa nyuzi chache. Goti la namna hiyo ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha unaweza kulila gegedu kwa siku chache tu. Kifua kikuu cha kiungo, ambacho katika jimbo letu si jambo la kusahauliwa, huja polepole kwa wiki na miezi, na goti huvimba bila ajali ya kueleweka. Hapa ajali ilikuwapo, na kiungo kilikuwa kikavu.

Ile picha ya radio

Mgonjwa alikuwa ameitunza picha yake ndani ya bahasha, kama hati ya shamba. Ilionyesha vijiba vidogo vya mfupa kwenye kingo za goti na nafasi ya ndani iliyopungua kidogo. Maneno kwamba mifupa imesagika hayakuwa uongo, kwa kuwa hayo ndiyo mabadiliko ya awali ya gegedu kuchakaa. Lakini aliyepiga picha alikuwa ameyachukua magoti yote mawili kwa pamoja, na goti la kushoto, ambalo halikuwahi kumuuma siku hata moja, lilikuwa na vijiba vile vile na upungufu ule ule. Picha ilikuwa inajieleza yenyewe, kama mtu angeisoma hadi ukingo wake.

Uhusiano kati ya kinachoonekana kwenye radio na maumivu ya goti ni hafifu: wako wenye picha mbaya wasioumwa, na wako wanaoumwa wenye picha safi. Tena picha ya namna ile haioneshi ligamenti, meniski wala bursa, inaonesha mfupa. Iko kanuni rahisi iliyotungwa Ottawa, huko Kanada, katika miaka ya 1990, inayosaidia kuamua kama goti lililoumia linahitaji radio ya kutafuta mvunjiko: mtu awe na miaka 55 au zaidi, au aumwe akibonyezwa pia peke yake, au kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje, au ashindwe kulikunja goti hadi nyuzi 90, au ashindwe kwenda hatua nne. Mgonjwa wetu hakuwa na hata moja kati ya hayo. Fedha za radio ile zilikuwa mapato yake ya siku kadhaa, na kitu pekee alichokipata ni woga, kwa sababu mtu akisikia kwamba mifupa yake inasagika huona kila hatua kama kinu.

Tiba

Ligamenti ya ubavu wa ndani ina bahati ambayo ligamenti mtambuka ya mbele haina: imezungukwa na nyama zenye damu nzuri, na ikichanika hujishona yenyewe kwa walio wengi bila kufanyiwa operesheni. Hujishona kwa nyuzi mpya ambazo mwanzoni hulala ovyo kama nyasi zilizotupwa, kisha hujipanga kufuata njia ya nguvu inayozivuta, kazi inayochukua miezi, wakati mwingine hata kupita mwaka. Kwa sababu hiyo kuufungia mguu kwenye plasta wiki sita, kama walivyofanya waliotutangulia, hukausha msuli, hukakamaza kiungo, na huziacha nyuzi bila mwongozo. Kuukanda na kuukunja kwa nguvu katika siku za kwanza nako hukichana kinachoanza kushikana. Anachohitaji mgonjwa ni mwendo wenye kipimo, huku goti likizuiwa lisiangukie ndani.

Sindano zote zilisimamishwa. Kwa maumivu alipewa parasetamoli, gramu moja anapohitaji, bila kuvuka gramu nne kwa siku, na daktari akalitibu tumbo. Bandeji ya kunyumbuka hupasha joto na kutuliza, lakini haiwezi kulizuia goti lisifunguke ubavuni. Karakana ya viungo bandia ikamtengenezea kifungo cha ngozi chenye vyuma viwili na bawaba, kinachoruhusu kukunja na kunyoosha tu. Alikivaa mchana kwa wiki sita.

Mazoezi yalianza kwa yale ambayo hayatishi. Alilala chali mguu ukiwa umenyooka, akalikaza paja kana kwamba anaisukuma godoro kwa nyuma ya goti, sekunde kumi, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha kuuinua mguu ulionyooka. Kisha kuuburuta unyayo juu ya mkeka ili goti likunjike kwa uwezo wake lenyewe. Wiki ya tatu alisimama kwa mguu mmoja akishika mlango, baadaye bila kushika, hadi akafikisha sekunde 30. Tukamfunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye vifundo vya miguu, akatembea ubavu ubavu kama kaa, zoezi lililowachekesha watoto wake na ambalo naamini ndilo lililomtibu zaidi, kwa sababu misuli ya nyonga ndiyo inayolinyima goti nafasi ya kuangukia ndani. Ngazi tatu za ubaraza zikawa kipimo chetu cha kila ijumaa.

Kazi ndiyo iliyotupa shida. Kumwambia mwendesha chukudu apumzike miezi miwili ni kumwambia asile. Chukudu aliikabidhi kwa mtoto wa dada yake kwa makubaliano ya nusu ya mapato, na sisi tukaipanga kazi kama tulivyoyapanga mazoezi. Baada ya wiki tatu za tiba aliisukuma tupu kwenye tambarare. Wiki ya tano alipakia kilo 50. Kila wiki akaongeza kiasi kama hicho kwa sharti moja, kwamba akiamka asubuhi na goti halijavimba wala halina uchungu kuliko jana, anaendelea, na likiwa limevimba au linauma zaidi, anarudi nyuma hatua moja. Mteremko ulikatazwa hadi aweze kushuka ngazi 20 bila kushika na kuruka kwa mguu mmoja mara kumi. Alinidanganya mara moja, akateremka na makala kutoka Kibumba wiki ya saba. Goti ndilo lililomshitaki, maana lilivimba siku mbili.

Na ile nundu, tiba yake ilikuwa ubao. Nilidhani jambo rahisi ni abadilishe goti, apige la kushoto na kusukuma kwa mguu wa kulia. Alijaribu siku sita. Mwili uliozoea upande mmoja miaka 20 haukukubali: chukudu ilipinda, mguu wa kulia ulikosa nguvu ya kusukuma, na mara mbili aliponea chupuchupu mbele ya motari, mwendesha pikipiki. Pendekezo langu lilikuwa zuri kwenye karatasi tu. Mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa fundi seremala, wakachonga kwenye ubao kishimo kipana chenye kina cha vidole viwili, wakakijaza sponji nene iliyofunikwa na kipande cha tairi, ili uzito wa mwili ugawanyike kutoka chini ya pia hadi katikati ya muundi badala ya kukaa wote kwenye nukta moja. Fundi akatoza kidogo kwa sababu alitaka kuona kama wengine watakihitaji.

Kuhusu mzee anayeunga mifupa, sikubaliani na wenzangu wanaotaka kumfanya adui. Yuko karibu, anapokea malipo kidogo kidogo, na anamsikiliza mgonjwa muda mrefu kuliko sisi. Nilimtembelea pamoja na mgonjwa. Tulikubaliana mambo mawili: asichanje ngozi iliyo juu ya uvimbe wenye maji, na asikande goti lililoumia katika wiki ya kwanza. La tatu, kwamba vipande vya mianzi anavyofungia miguu iliyovunjika visikazwe hadi vidole vikafa ganzi au kubadilika rangi, alisema analijua, na akanionyesha namna anavyokagua vidole kila jioni. Nilimwamini kuhusu hilo.

Mwezi wa tano baada ya kuanza tiba nilimpima kwa mara ya mwisho hadi sasa. Goti lilikunjika nyuzi 130. Paja lilikuwa pungufu kwa nusu sentimita. Kwenye nyuzi 30 ligamenti bado hufunguka kidogo zaidi kuliko ya kushoto, bila uchungu, na nadhani itabaki hivyo. Nundu ipo, ngumu kiasi, ukubwa wa nusu limau, haina joto. Anakwenda Kibumba siku nne kwa wiki badala ya sita, na mzigo ameupunguza kwa theluthi moja. Zile siku mbili mtoto wa dada yake bado anaendesha. Amepewa maelekezo arudi siku hiyo hiyo nundu ikiwa nyekundu, ikipata moto, au akipata homa, na miadi yake ya kawaida ni mwezi wa nane. Safari ya mwisho alikuja na mwenzake wa kazi, ambaye nundu yake iko kwenye goti la kushoto, nami nikamwomba huyo kwanza ashuke zile ngazi tatu.